Siombi kura ya rais, naomba ya mwenyekiti wa mtaa

Kuna swali moja kwenye fomu ya kuomba karatasi ya kura ya Marekani ukiwa nje ya nchi ambalo kila mwaka linanichukua muda kuliko maswali mengine yote. Jina unaandika, tarehe ya kuzaliwa unaandika, anwani yako ya mwisho Marekani unaandika hata kama nyumba yenyewe siku hizi wanakaa watu wengine kabisa, halafu unafika pale wanapokutaka uchague: wewe ni raia unayeishi nje na una nia ya kurudi, au hujui kama utarudi? Vijiboksi viwili. Mie hapo huwa naweka kalamu chini, naenda kumgeuza mama kitandani, nakuja, swali bado liko pale pale.

Maana kurudi wapi? Hapa ninapojazia hiyo fomu ni Ngamiani, Tanga, kwenye nyumba aliyojenga baba, kwenye chumba ambacho mie na dada zangu tulilala watatu kitanda kimoja. Mie nilisharudi. Ila kwa makaratasi hapa mie mgeni, nina kibali cha ukaazi ninachokilipia kwa dola, kikikaribia kuisha naanza kuhesabu siku kama mgeni mwingine yeyote aliyeshuka jana uwanja wa ndege. Mtaani wananiita Mmarekani. Hawana ubaya, watoto wananisalimia shikamoo Mama Mmarekani, na mie naitikia marahaba bila kinyongo, lakini kuna siku neno lile linanikaa kooni, na leo nataka niseme kwa nini.

Nilibahatika kwenye bahati nasibu ya grini kadi mwaka 1999, nikaondoka 2000, nikafikia Minnesota, Brooklyn Park, mji ulio karibu na Minneapolis ambao una Waliberia wengi sana kiasi kwamba kisamvu cha kugandishwa hukosi dukani. Kazi ilikuwa ile ile ya wengi wetu, wenyewe mnaita kubeba boksi, mie boksi langu lilikuwa nasingi homu. Kuogesha wazee, kuwalisha, kuwageuza usiku kila baada ya saa mbili wasipate vidonda vya kulalia. Niliipenda kazi ile, sioni aibu kusema. Kuna bibi mmoja alikuwa kila nikimgeuza ananishika kidole gumba na kukikamata mpaka alale, nami nasimama pale gizani najiuliza mama yangu kule anashikwa na nani.

Mwaka 2011 mama akapata kiharusi cha kwanza. Hapo ndipo habari ya uraia ilipoanza, na naomba mnisikilize vizuri kwenye hili kwa sababu wengi wanadhani mtu anachukua uraia wa Marekani kwa kuwa ameikataa kwao. Ukiwa na grini kadi huruhusiwi kukaa nje ya Marekani unavyotaka. Ukipitisha mwaka bila kibali maalum wanaweza kukuambia umeitelekeza, basi, imekwenda. Mie nilikuwa na watoto wawili wa kiume wako shule kule, na mama ameanguka huku. Nikija kumuuguza mama muda mrefu napoteza haki ya kuwarudia wanangu, nikibaki na wanangu mama anakufa mikononi mwa watu. Mwenye pasipoti yao hana shida hiyo, anakaa nje miaka 10 na akirudi hakuna wa kumuuliza ulikuwa wapi. Kwa hiyo 2012 nikaapa, St. Paul, tumesimama ukumbi mzima watu wa kila rangi, mkono wa kulia juu, tukirudia maneno ya kukana utii wa nchi tulizotoka, mwanangu mdogo amekaa nyuma na kibendera. Nilichukua uraia wa Marekani ili niweze kukaa Tanga. Sijui niliseme vipi lieleweke zaidi ya hivyo.

Na siku ile ile, kwa Sheria yetu ya Uraia ya 1995, nikaacha kuwa Mtanzania. Hakuna barua, hakuna simu, inatokea tu.

Nikija kwenye habari hii najua jibu ninalopewa, nimeshalisikia kwenye harusi, kwenye msiba, kwenye magrupu ya WhatsApp: "Si ulikana mwenyewe?" Ndiyo, nilikana, sijasema nililazimishwa kwa bunduki. Lakini binamu yangu, bibi yetu mmoja, yeye kazaliwa Lunga Lunga, Kenya, ng'ambo tu ya mpaka wa Horohoro, ukitoka hapa asubuhi unawahi chai ya saa nne kwake. Naye alikwenda Marekani akaapa maneno yale yale kasoro nukta, ila kwa vile Katiba ya Kenya ya 2010 inamruhusu Mkenya wa kuzaliwa kuwa na uraia wa nchi mbili, akabaki Mkenya. Agosti 2022 alinitumia picha kwenye foleni ya kura amejifunga leso anacheka. Sisi tumetoka tumbo la bibi mmoja, tofauti yetu ni mstari uliochorwa na Mwingereza na Mjerumani. Nilimpongeza kwa moyo mweupe, halafu nikazima simu nikakaa kimya mpaka magharibi.

Nisiwachoshe na masuala ya ardhi na hati za nyumba, kwamba asiye raia hamiliki ardhi mnajua, nyumba iko kwa jina la kaka na tunaelewana. Na kodi pia nisiseme sana, ila mjue tu kwamba Marekani inamtaka raia wake apeleke hesabu kila mwaka hata akae wapi, sisi tulio nje tunapewa mpaka Juni 15, kwa hiyo kila mwaka mie niliyeko Ngamiani nakaa kwenye laptopu nikiieleza serikali ya kule nimepata nini na nimeweka wapi. Kufungua akaunti benki hapa mjini nilipewa na fomu ya Marekani nijaze. Dada wa kaunta alikuwa mpole, akaniambia samahani anti, ni kwa watu wa kule tu. Nikajaza.

Sasa nije kwenye mtaro, maana ndiyo ulionifanya niitamani kura ya mtaa.

Mtaa wetu umekaa bondeni kidogo, maji ya barabara tatu yanakuja kwetu. Zamani kulikuwa na mtaro wazi uliopita nyuma ya nyumba, baba alikuwa anausafisha mwenyewe kwa koleo kabla ya mvua. Siku hizi umejengewa, mwingine kaweka ukuta wa choo juu yake, mwingine kaujaza kifusi apitishe bajaji. Mvua za El Niño zile za mwishoni mwa 2023, maji yaliingia mpaka chumbani kwa mama. Usiku wa saa nane. Niliamka kwa sababu nilisikia kandambili zinagonga ukuta, kumbe zinaelea. Nikawasha tochi ya simu, mama kalala macho wazi anayatazama maji yamebakisha kama shubiri kufika godoro, na kwa ule upande wake mzima akanionyesha dirishani, yaani niondoe kwanza redio ya baba. Tulimbeba mie na kijana wa jirani tukampandisha kwenye baraza ya nyumba ya pili, tukakaa naye chini ya khanga mpaka adhana ya alfajiri.

Mtu wa kushughulikia jambo hilo siyo rais. Wala mbunge. Ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa, yeye ndiye anayeitisha mkutano, anayemwambia fulani choo chako kimeziba njia ya maji, anayepeleka barua kata. Barua ya utambulisho ukitaka chochote, kwake. Ugomvi wa mipaka, kwake. Mtu akifa usiku, unamgongea yeye. Kama kuna cheo ambacho kinagusa mgongo wa mama yangu akiwa kitandani ni hicho.

Na mwaka 2024 chaguzi zote mbili zikaangukia mwezi mmoja. Marekani tarehe 5 Novemba, serikali za mitaa tarehe 27 Novemba.

Ile ya Marekani ilinifuata mpaka mlangoni. Sheria yao inawataka watume karatasi kwa walio nje siku 45 kabla, na kweli Septemba ikaingia kwenye imeili yangu. Mie sikuweka tiki kwenye nia ya kurudi, niliweka kwenye hujui, na kwa Minnesota mtu wa namna hiyo anapewa nafasi za kitaifa tu, rais, seneta na mbunge wa Kongresi, mambo ya jimbo na ya mji hapewi. Niliona ni haki kabisa. Kwa nini nimchagulie mtu wa Brooklyn Park diwani wakati mie si wa kutembea kwenye barabara yake? Nikaenda stesheneri kuprinti, kijana akaitoa, akaisoma, akaniuliza "anti, hii ndo ile kura yenyewe? Ya Kamala na Trump?" Akaita wenzake waje waione. Wanne wakaizunguka ile karatasi wanaishika pembeni pembeni kama picha ambayo haijakauka. Mmoja akakumbuka Kamala alifika Dar, Machi 2023. Nikawaambia na mgombea mwenza wake ni gavana wa kwetu kule, Tim Walz. Kwetu. Nilijisikia nikilitamka. Nikaweka bahasha ndani ya bahasha kama wanavyoagiza, nikapeleka posta, na baada ya muda nikaingia mtandaoni nikaona imepokelewa. Yaani karatasi imetoka Tanga imevuka bahari imehesabiwa.

Kati ya kutuma ile na kuhesabiwa kwake, likapita zoezi la kuandikisha wapiga kura wa mitaa, Oktoba 11 hadi 20. Nilimpeleka mama kwa bajaji. Mama hata aumwe vipi kura hakosi, anasema yeye alikuwepo siku bendera inapandishwa 1961, hawezi kulala. Foleni ikampisha, tukafika mezani, mwandikishaji binti mdogo tu, kamwandika mama vizuri, kamwekea daftari karibu aweke dole gumba kwa ule mkono unaofanya kazi. Halafu bila kuinua kichwa akafungua mstari unaofuata: "Na wewe mama, jina?"

Nikasema mie siandiki. Akasema zoezi ni la wote mama, kila mkaazi wa mtaa. Nikasema mie siyo raia.

Jamani. Nimesema maneno mengi magumu maishani, nimempigia simu mtu usiku nikamwambia mzazi wake amefariki, lakini yale matatu mbele ya watu waliokwenda madrasa na mie, nikiwa nimeshika mkoba wa mama, yalinitoka kama si sauti yangu. Binti akanitazama, akamtazama mama, tumefanana kama mlivyo vidole vya mkono mmoja. Nyuma yetu foleni ikanyamaza. Mama, ambaye tangu kiharusi cha pili haongei sana, akanishika mkono akasema "twende," basi.

Novemba 6 mie nilikuwa macho tangu alfajiri, vituo vya Minnesota vinafungwa saa mbili usiku kwao, kwetu inakuwa saa kumi na moja ya asubuhi inayofuata. Nikatoka kununua vitumbua na simu mkononi, na pale kwa mama muuza vitumbua tulikuwa kama kumi, kila mtu na hesabu yake ya majimbo, watu wanaijua Pennsylvania kuliko wilaya zetu wenyewe. Ilipofika kama saa saba na nusu mchana ikawa imekwisha, Trump kashinda. Minnesota tulimpa Kamala lakini haikutosha. Watu wakanipa pole kama nimefiwa. Nikapokea.

Tarehe 27 nikampeleka mama tena. Nilibaki nje chini ya mwembe na akina bodaboda, mama akaomba aingie na mtoto wa kaka amsaidie kuweka alama. Nilikaa pale kama dakika 20. Nilimjua kila aliyepita, huyu tulisoma naye, huyu namdai, huyu juzi tu tulikuwa naye kwenye arobaini. Najua mtasema, na mzee mmoja aliniambia pale pale chini ya mwembe, "Usililie usilolijua bibie, wagombea wangapi wameenguliwa, kuna mitaa mpinzani hata jina halikurudi." Na ni kweli, matokeo yalipotangazwa chama kimoja kilikuwa na zaidi ya asilimia 98 ya mitaa, na mie sioni kwamba hilo ni afya kwa nchi yoyote, iwe hii au ile. Lakini nikamjibu mzee, shikamoo tena baba, hata hiyo kura unayoiona haina kitu, unayo. Unaweza kuikasirikia. Mie sina hata ya kuikasirikia.

Nilidhani habari imeishia hapo. Januari 20, 2025, Trump kaapishwa, na siku hiyo hiyo akasaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kuna binti alikuwa anafanya kazi kwenye mradi wa UKIMWI, anaingiza takwimu za CTC, kliniki ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na kufuatilia kwa simu waliokosa tarehe zao za dawa. Kabla Januari haijaisha akaambiwa asije kazini mpaka atakapojulishwa. Hakujulishwa tena. Julai 1 shirika lenyewe la misaada la Marekani, USAID, likafungwa. Mradi ule ulikuwa pesa za PEPFAR, ule mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI ulioanzishwa na Rais Bush mwaka 2003, nakumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa zamu ya usiku tv ya wazee imewashwa, nikasikia neno Afrika nikasimama kusikiliza. Kodi yangu ilikuwemo humo, senti zangu za kugeuza wazee, na miaka yote ile sikuwahi kuwaza kwamba zinarudi barabara ya nyumbani zikampa mtoto wa jirani mshahara.

Wiki ile nikaenda kununua vitumbua kama kawaida. Kuna mama mmoja namheshimu sana, sitamtaja, anatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI mwaka wa 14 sasa, mzima, anafanya biashara, kasomesha. Akasubiri watu wapungue, akasogea karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, hizi dawa nchi yenu itaendelea kuzitoa?"

Nchi yenu. Sikuwa na la kumjibu. Nilitamani nimwambie mie kura yangu ilikuwa upande mwingine, lakini nani anaulizwa hilo? Nikamwambia mwezi huu chukua zako zote wanazokupa, usikose tarehe. Akashukuru akaondoka na vitumbua vyake vinne. Mie nikasimama pale, kura yangu ya Minnesota imeshindwa na bado imefika mpaka kwenye vidonge vya jirani yangu, na mtaro ulio nyuma ya nyumba yake na yangu sina sauti nao.

Kwa hiyo nikisema naomba, naomba kitu kidogo na ninakijua kwa jina. Siombi kura ya rais. Ubunge siombi, udiwani siombi, na kugombea ndiyo kabisa sitaki. Watu wanaogopa kwamba sisi tukipewa pasipoti mbili mioyo itakuwa miwili, tutauza siri za nchi, haya, urais uacheni huko mbali na sisi. Najua serikali imeleta utaratibu wa hadhi maalum kwa diaspora, ni hatua na nimeifurahia, itatupunguzia mambo ya vibali, lakini kupiga kura haimo. Mie ninachosema, aliyezaliwa hapa na anayekaa hapa, analala hapa, anafagia hapa, mumruhusu kumchagua mwenyekiti wa mtaa wake. Wala si jambo la ajabu duniani. Takoma Park, mji mdogo Maryland huko huko Marekani, tangu miaka ya 1990 mkaazi asiye raia anachagua meya. New Zealand tangu 1975 mwenye ukaazi wa kudumu anapiga kura mpaka ya bunge. Minnesota yenyewe mpaka 1896 mgeni aliyekwisha kutamka kwamba anataka uraia alikuwa anapiga kura, ndivyo Wasweden na Wanorwei walivyojengewa ile nchi chini ya miguu yao. Hakuna iliyopinduliwa.

Jumapili iliyopita mwenyekiti mpya aliitisha mkutano wa mtaa, ajenda mtaro. Tumekaa uwanjani kwenye viti vya plastiki vya msibani, wanaume upande huu wanawake upande ule, mtendaji na daftari lake. Mwenyekiti akaeleza vizuri, makalvati yanatakiwa sita, kifusi kitolewe kabla ya vuli, choo kilichokaa juu ya mtaro kivunjwe na mwenye nacho asaidiwe kuchimba kingine. Yule mwenye choo akasimama akalalamika, watu wakamsikiliza, akakaa. Halafu mwenyekiti akasema kila kaya itoe elfu ishirini, wanaokubali wanyooshe mikono wahesabiwe.

Mikono ikaenda juu. Mtendaji akaanza kuhesabu kutokea mbele, moja, mbili, anaelekeza kwa kalamu. Mie mikono iko mapajani, nimeshika khanga. Pembeni yangu mama muuza vitumbua kanyoosha wake na ananitazama. Mtendaji akafika mstari wetu, akahesabu yule mama, kalamu ikasimama kwangu.

"Na dada hapo, umenyoosha au?"

"Nimenyoosha," nikasema, na nikanyoosha.

"Thelathini na saba," akaandika, akaendelea na mstari wa nyuma.